Daktari wa Meno na Wakoromaji wa Boma Letu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Ukiisifu nguo yangu, nitajiuliza unataka kuiazima lini. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kulala mchana, miaka ile ya tisini, sikufikiria ugonjwa hata kidogo. Nilifikiria mwanamke.

Alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alizunguka vituo vya Nyamira akikusanya majani mabichi na kuyapeleka kiwandani kabla hayajanyauka. Tulikuwa tumeoana miaka mitatu na tuliishi Manga, ndani ya boma la baba yake, nyumba yetu chini na ya wazazi wake juu kidogo, katikati migomba na kijia cha kuteleza. Mimi nilifanya kazi Kisii mjini, katika duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, nikipima na kukata mapazia na sare za shule. Niliondoka asubuhi na kurudi jioni. Mtu mwenye nia mbaya angekuwa na mchana kutwa wa kufanya analotaka.

Dalili zilikuwa hizi. Alisinzia tonge la ugali likiwa mkononi. Kanisani alisinzia amesimama, katikati ya wimbo, na kitabu kikamponyoka. Ukimuuliza neno leo, alikujibu lile la jana. Na hasira! Mtu aliyekuwa mpole hata kuku walimdharau, sasa alifoka kwa sababu ya chumvi. Asubuhi aliamka ameshika kichwa, akiniambia anaumwa, eti ameamka amechoka kuliko alivyolala. Mimi nikajiambia, mwanamume aliyelala kando yangu usiku kucha anachokaje, kama si kwa kazi anayoifanya mchana kwingine?

Nikanusa mashati. Nikawahoji vijana wa kupakia majani, mmoja mmoja, kwa hila. Siku moja niliomba ruhusa dukani, nikaenda kukaa kwenye banda la kituo kimoja cha majani, nimejifunga leso hadi puani kama mwenye mafua, nikamsubiri afike. Alifika. Wanawake wakapanga vikapu vyao wapimiwe. Nilipochungulia kwenye lori nikamwona amelala juu ya usukani, mdomo wazi, peke yake, na wanawake wanamcheka. Hakukuwa na mwingine yeyote. Nusura nisikitike, maana nilikuwa nimejiandaa kupigana.

Kukoroma nako kulikuwapo, ila katika boma lile kukoroma hakukuwa habari. Wanaume wote wa ukoo ule hukoroma. Baba mkwe alisikika hadi kwenye kijia, na watu walitania kwamba boma letu halihitaji mbwa. Kwetu sote, anayekoroma ni mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Jambo moja tu nililiona na sikumwambia mtu. Mkoromo wa mume wangu ulikuwa unakatika ghafla. Kimya. Kimya kirefu hata mimi nikajikuta nimezuia pumzi yangu. Kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa mtoni, anageuka, anaanza upya. Hata hilo nililishuku. Nilidhani anaota mambo anayonificha.

Alasiri moja, akishuka na mzigo, lori likaacha barabara na kulala kwenye mtaro kando ya migomba ya watu. Hakufa mtu. Kijana mmoja wa kupakia alivunjika mkono. Mume wangu alisema hakukumbuka kona ile. Alikumbuka tu alipoamshwa na mayowe. Ofisi ikampa barua ya onyo, kwamba likitokea tena atakabidhi ufunguo na kwenda nyumbani. Mimi niliisoma barua ile mara mbili nikaona haijasema lililo kubwa. Barabara zetu za Manga unazijua kama umewahi kupita: upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili bonde. Mara ya pili pengine pasingekuwa na mtaro. Kuanzia siku hiyo sikumshuku tena habari za wanawake. Niliogopa, nikaogopa hasa, kwamba nitaletewa maiti.

Sasa ikawa zamu yangu kushukiwa. Wifi yangu, dada yake mkubwa aliyekuwa amerudi nyumbani kwa wazazi, ndiye aliyeanza. Alisema kaka yake hakuwa hivi kabla ya kuoa. Alisema mwanamume mzima hawezi kuwa zezeta hivihivi, lazima amekaliwa, na kuna wanawake wanaoweka vitu kwenye chai ili mume awe mjinga asiulize mambo. Mama mkwe naye akaanza kuleta thamosi ya chai kila asubuhi kutoka jikoni kwake, aimimine mwenyewe kwenye kikombe cha mwanawe na kusimama pale mpaka aimalize. Mwanawe akainywa chai ya mamake wiki nzima, na akaendelea kusinzia vilevile. Ungedhani hilo lingenisafisha. Wapi! Wifi akasema dawa niliyotumia ni ya kukaa mwilini.

Hatimaye wakaitisha kikao. Nikaketishwa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama mkwe, wazee watatu wa ukoo wakiwa kwenye viti, baba mkwe akiwa mmojawapo, nikaulizwa ninampa nini mume wangu. Jibu nilikuwa nalo. Ningesema tu anakoroma, pumzi inakata, halali, ndiyo maana anasinzia. Lakini kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni, na mke wa mwana hawezi kuitaja habari ya kulala mbele ya baba mkwe. Hamgusani mikono. Yeye haingii nyumbani kwako hata mvua inyeshe vipi. Neno kitanda halipiti baina yenu. Basi nikatazama miguu yangu, nikasema simpi kitu. Mume wangu naye, wa kunitetea, hakuweza kumwambia baba yake anavyolala, na tena mzee wa kwanza hajamaliza kuhutubia, bwana akasinzia. Alisinzia kikaoni! Wazee wakatazamana. Waliniambia nina hadi mwisho wa mavuno, na hali isipobadilika, nitarudishwa kwa baba yangu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile mume wangu alipokuja mjini kunichukua. Duka lilikuwa na wateja, nikamwambia anisubiri. Akaketi juu ya marobota ya khaki, na hata sijapima mita mbili, akawa ameanza. Duka zima likasikia. Wateja wakacheka, na mimi nikakata kitambaa kombo kwa aibu.

Juu ya duka lile kulikuwa na kliniki ya meno. Daktari mwenyewe alikuwa mke wa mdogo wa mwenye duka, mwanamke kijana, mwembamba, aliyesomea udaktari wake ng'ambo kisha akaolewa Kisii. Alishuka chini kila saa kumi kunywa chai na shemeji zake. Siku hiyo alisimama na kikombe mkononi mbele ya mume wangu, akainua kidole wateja wanyamaze, akaitazama saa yake. Nikadhani anapima ni muda gani mtu wangu anawachafulia vitambaa. Mkoromo ukakatika. Kimya. Daktari hakubanduka kwenye saa. Mume wangu akashtuka, akavuta ile hewa ya mtoni, akaendelea. Daktari akasubiri tena, ukakatika tena, akahesabu tena.

Akanijia kwenye meza ya kukatia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama hufanya hivi kila anapolala. Nikasema ndiyo, kwani kuna nini. Akasema, "Dada, huyu hakoromi tu. Pumzi yake inakatika, na kila ikikatika mwili unamwamsha ili asife. Yeye hajui kwamba anaamka. Kwa hiyo halali."

Nisingekuwa mimi ningemshukuru. Badala yake nikamtazama juu hadi chini. Daktari wa meno na usingizi wapi na wapi? Ni kama fundi viatu akuchambulie habari za figo. Daktari wa meno niliyemjua mimi kazi yake ni moja, kung'oa, nawe unaondoka na pamba mdomoni. Nikamuuliza meno ya mume wangu yamekosa nini.

Hakukasirika. Aliniambia niinue kidevu, niliache taya la chini lirudi nyuma kabisa, nivute hewa. Ikapita kwa shida, kwa sauti. Kisha akaniambia nilisukume taya mbele, meno ya chini yapite ya juu, nivute tena. Njia ikafunguka wazi. Akasema mtu akilala nyama za koo hulegea, taya likarudi nyuma na ulimi nao, na kwa wengine njia huzibika kabisa. Anaweza kutengeneza kifaa cha plastiki kinachoshika meno ya juu na ya chini na kulizuia taya lisirudi. Kinavaliwa usiku, kinavuliwa asubuhi. Nilichukia kwamba nilikuwa nimeisikia ile hewa kwa koo langu mwenyewe.

Alisema pia kwamba hakimfai kila mtu, na kwamba yeye peke yake hatoshi. Kwanza mume wangu aende hospitali apimwe presha na moyo, akatuandikia barua. Kuna mashine ya kupuliza hewa puani, alisema, lakini kuipata ingekuwa safari ya Nairobi na pengine mbali zaidi. Hapa Kisii tuanze na kile mikono inachoweza. Alale ubavu, si chali. Aache pombe ya jioni. Hilo la pombe nililipenda.

Na gharama? Akasema nilipie vifaa tu. Hapo sasa ndipo nilipoamka kabisa. Mtu wa biashara, katika jengo la biashara, hataki faida? Nikamuuliza wazi kama anataka kujifunzia kazi kwa mume wangu.

"Ndiyo, kiasi," akasema. "Nimeona vikitengenezwa, lakini hapa hiki kitakuwa cha kwanza kwangu. Nawe ndiwe utaniambia kama kinafanya kazi, maana wewe ndiye unayemsikia."

Jibu la ukweli namna hiyo linamvuruga mtu wa kushuku. Nilikosa pa kushika. Nikakubali, lakini kwa jicho moja.

Presha ilikuwa juu, hospitali wakampa vidonge. Tukarudi kliniki. Daktari alihesabu meno ya mume wangu yote, akayagonga moja moja kwa kijiti cha chuma, akasema ana bahati, yapo na ni imara, maana kifaa hakina pengine pa kujishikilia. Kisha akakoroga uji mzito wa rangi ya waridi, akaujaza kwenye kisahani chenye umbo la kwato na kumtia mdomoni. Mume wangu macho yakamtoka, akakukurika. Nikasimama. Daktari akaniambia nikae, akamwambia apumue kwa pua. Ulipotoka, uji ule ulikuwa umeganda na kila jino limeacha shimo lake. Siku ya pili nikakuta juu ya meza mdomo wa mume wangu, wa plasta, mweupe, umenitolea meno.

Hilo sikulipenda hata chembe. Mdomo wa mtu wako uachwe mjini, kwa watu, usiku na mchana? Nikadai nipewe. Daktari akacheka, akasema fundi wake wa meno bandia anauhitaji kwanza, akimaliza nitaupata. Alitimiza ahadi. Nami nikaupeleka Manga nikauponda kwa nyundo nyuma ya choo mpaka ukawa unga.

Kifaa chenyewe kilikuwa kitu kidogo tu. Plastiki ile ya waridi ya meno bandia, sehemu ya juu na ya chini zimeshikana, na tundu mbele la kupitishia hewa. Siku za mwanzo kilimtoa udenda ukalowanisha mto. Asubuhi taya lilimuuma na meno hayakukutana vizuri hadi amalize kuoga. Nikasema ndiyo hayo, wamemharibu. Nikapanda ngazi za kliniki nimefura. Daktari akakikwangua kidogo pembeni, akasema maumivu yakizidi nimlete, yakipungua tuvumilie. Yakapungua.

Lakini mkoromo! Ukashuka ukawa kama paka aliye jikoni. Na kile kimya cha kutisha, nilikisubiri kikaja mara moja moja, kisha kikawa hakiji. Baada ya wiki kadhaa mume wangu aliamka asubuhi, akakaa kitandani, akanitazama na kuniuliza kwa nini nimenyoa nywele. Nilikuwa nimenyoa mwezi mzima nyuma. Nililia siku hiyo, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimerudishiwa mtu wangu.

Kazini hakusinzia tena. Mavuno yakaisha na hakuna aliyethubutu kunirudisha kwa baba. Watu wa boma wakaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, amefanywa nini. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana kosa ni langu. Nilijibu maneno matatu tu: daktari wa meno. Basi. Sikueleza zaidi, na kile kifaa sikumwonyesha mtu. Asubuhi nilikiosha, nikakitia kwenye kopo, kopo nikalifungia sandukuni, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso.

Nilikuwa na sababu zangu. Wifi aliwahi kukutwa chumbani kwangu akipekua, eti anatafuta sindano. Angekiona kitu cha waridi chenye alama za meno ya kaka yake, angekimbia nacho kwa wazee kama ushahidi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilikuwa na kinyongo. Waliniketisha kwenye kigoda kama mwizi. Walimletea mume wangu chai kwa thamosi ndani ya nyumba yangu. Sasa wanataka kujua? Wakae hivyohivyo. Mume wangu naye angemwambia nini baba yake, na habari zenyewe ni za kulala?

Muda si mrefu nikaona baba mkwe ameanza kwenda Birongo kila siku ya soko. Hakuwa na cha kuuza. Alirudi jioni ameziba mdomo kwa kitambaa, akapita mbali, haongei na mtu. Nikashuku ameanza kunywa. Kisha nikasikia amekataa mahindi ya kuchoma, anakunywa uji tu. Nikasema uzee huo. Soko la tatu akarudi shavu limevimba hadi jicho limefunga, na akalala siku mbili na homa.

Siku ya tatu mama mkwe akaja jikoni kwangu. Peke yake, bila thamosi. Akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akatazama nje kama wifi yupo, kisha akaongea akitazama majivu. Alisema tangu aolewe, mzee hukoroma na kukatika pumzi, kama mwanawe alivyokuwa, nami nikashangaa amejuaje. Alisema usiku humpiga kiwiko ili arudi, na siku hizi kiwiko hakitoshi, anachelewa kurudi. Hajawahi kumwambia mtu. Angemwambia nani? Kisha akaniuliza jambo alilokuwa amelijia.

"Yule daktari wako, kwa mwanangu aling'oa lipi?"

Sikumwelewa. Akaeleza. Mzee alimwona mwanawe amepona. Akasikia ni daktari wa meno. Kuniuliza mimi hawezi, kumuuliza mwanawe hawezi. Basi akawaza mwenyewe: kama ni daktari wa meno, dawa ni kung'oa, na wa kung'oa yupo Birongo, yule wa koleo anayekaa nyuma ya wauza tumbaku. Siku ya kwanza akang'olewa mawili ya nyuma, ya juu. Akalala, akakoroma. Akaona limekosewa jino. Soko lililofuata akang'olewa mengine, ya chini. Akakoroma. Hili la mwisho akamwambia yule bwana ayatoe ya juu yaliyobaki yote, ili lile lenye shida lisikwepe.

Jamani. Yale meno yalikuwa mazima. Mzee alikuwa akitafuna miwa nayo.

Nilifungua ule ufunguo kwenye pindo, nikafungua sanduku, nikaleta kopo, nikamwekea mama mkwe kifaa mkononi. Akakigeuza. Akatia kidole kwenye vishimo vya meno.

"Kumbe hayang'olewi," akasema.

"Hayang'olewi, Mama. Ndiyo yanayokishikilia."

Akakirudisha kwenye kopo taratibu, akafunga kifuniko, akasema kesho twende wote mjini.

Tulienda watatu, mume wangu akiwa kazini. Homa ilikuwa imepungua. Baba mkwe aliketi mbele kwenye gari, sisi nyuma, na hatukutazamana njia nzima. Kule kliniki likazuka lile nililokuwa nimelihofia. Mzee hakujua Kiswahili cha kutosha. Mama mkwe hakujua kabisa. Daktari alijua salamu za Ekegusii na majina ya vitambaa. Ilibidi nitafsiri mimi, mke wa mwana, habari za usingizi wa baba mkwe, yeye mwenyewe akiwepo na mdomo wazi.

Nilimwomba daktari ruhusa, nikageuza kiti nikaketi nikitazama ukuta. Nyuma yangu daktari aliuliza, nami nikaupa ukuta maneno ya Ekegusii. Mama mkwe akajibu, nami nikaupa ukuta Kiswahili. Kwamba hulala chali. Kwamba pumzi hukatika mara nyingi. Kwamba asubuhi kichwa humuuma na mchana husinzia akichunga. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilisikia kijiti cha chuma kikigonga, mara chache tu, chini, mbele. Kisha hakikugonga tena.

Nikasikia daktari akikiweka mezani. Akasema vidonda vina usaha, atavisafisha na kumpa dawa, na tumpeleke hospitali kwa presha leo leo. Alale ubavu, ainuliwe kichwa. Meno bandia atamtengenezea akipona, ya kulia chakula. Lakini kile kifaa, hapana. Kinahitaji meno ya mtu mwenyewe juu na chini, na meno bandia hayawezi kulibeba taya usiku kucha. Akaniambia, si kwa ukali, kwamba kama angekuja mwezi mmoja kabla. Sentensi hiyo hakuimaliza.

Nikatafsiri. Nikaueleza ukuta yote, la kifaa mwisho.

Kisha baba mkwe akaongea, kwa fizi, maneno yakitoka na mate, na mara ya kwanza tangu niolewe akaongea na mimi moja kwa moja. Aliuliza kama mwanawe hajang'olewa hata jino moja.

"Hata moja, Tata," nikasema, yaani Baba.

Nikasikia kiti cha daktari kikilia mzee alipojiinua.

"Mokamwana," akasema, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, "ungevunja tu heshima ukaniambia."

Daktari akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia anashukuru.